Historia ya magawio: safisha jedwali kwanza

Kabla ya kununua hisa za kampuni, chukua orodha ya magawio yake, yaani fedha inazowalipa wenye hisa, ya miaka 10, si 3. Miaka 3 yote inaweza kuwa ya neema, na unachotafuta ni jinsi kampuni ilivyolipa biashara ilipoyumba.

Kabla ya kulinganisha namba, safisha jedwali. Anza na hisa zilizogawanywa. Kampuni ililipa 6 kwa hisa, mwaka uliofuata ikalipa 2.5, mgeni atasema gawio limekatwa zaidi ya nusu. Kumbe hapo katikati kila hisa iligeuzwa kuwa 3. Ile 6 ya zamani ni 2 ya leo, kwa hiyo gawio limepanda kwa asilimia 25. Hisa za bonasi, yaani hisa za nyongeza wanazopewa wenye hisa bila kulipia, nazo hupotosha vivyo hivyo. Ondoa pia gawio maalumu la mara moja, kwa mfano lile la fedha za kuuza kiwanda, kwani mwakani halipo. Kisha panga kwa mwaka wa hesabu badala ya tarehe ya malipo: malipo ya Desemba yakisogezwa hadi Januari, mwaka mmoja utaonekana mtupu bure.

Sasa uliza fedha zilitoka wapi. Wengi huishia kwenye faida kwa kila hisa, na kwa maoni yangu hapo ndipo wanapokosea, maana faida ni ya vitabuni ilhali gawio hulipwa kwa fedha taslimu. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha. Tuseme biashara imeingiza milioni 700, mitambo na majengo vimekula 400, zimebaki 300. Gawio ni milioni 360? Hizo 60 zimetoka kwenye akiba au mkopo. Mwaka mmoja si neno. Ikijirudia miaka 3 mfululizo huku madeni yakipanda kwenye mizania (taarifa ya mali na madeni), jiandae gawio kukatwa.

Rekodi ndefu nayo si dhamana. Kampuni ya mafuta ya Shell haikuwa imepunguza gawio tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini Aprili 2020 ililishusha kutoka senti 47 za dola hadi 16 kwa robo mwaka.

Asilimia ya gawio kwa bei ndiyo huwanasa wengi. Hisa ya 100 inayolipa 5 inatoa asilimia 5. Bei ikianguka hadi 50, inasomeka asilimia 10 na kampuni haijaongeza hata senti. Mara nyingi soko limeshanusa kwamba gawio litakatwa.

Ukiridhika, tafuta kwenye tangazo la bodi siku ambayo hisa inaanza kuuzwa bila gawio. Ukinunua siku hiyo au baadaye, gawio hilo ni la aliyekuuzia.