Laida siyo "kuskani uwanja": tuelewane kidogo watu wa gemu za gofu

Kila gemu ya gofu ikitangazwa, au mtu akiweka uwanja mpya kwenye simuleta, lazima atokee mmoja aseme "hii ni laida bwana, ni Augusta yenyewe hadi majani". Hapana jamani. Augusta ni ule uwanja wa Marekani wa mashindano ya Masters, na laida (lidar) ni kupima ardhi kwa leza. Majani hayamo. Mchanga wa banka (yale mashimo ya mchanga) haumo, daraja halimo, na kasi ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi sana yenye shimo, haimo kabisa. Nimeisikia hii kauli mpaka nimechoka, na sasa hivi imefika hatua mtu anabishana kuhusu puti (mpigo wa kuubingirisha mpira kwenye grini) iliyokata kushoto kwenye gemu eti kwa sababu "laida haidanganyi". Ngoja niandike mara moja niachane nayo.

Laida ni kupima umbali kwa mwanga. Chombo kinarusha mpigo wa leza, mwanga unagonga kitu unarudi, muda unahesabiwa, unazidisha na kasi ya mwanga ambayo ni kama kilomita 300,000 kwa sekunde, halafu unagawa kwa mbili kwa sababu umeenda na kurudi. Imeisha. Kile kidude anachotoa kedi (mbeba fimbo za mchezaji) mfukoni kupima yadi mpaka kwenye bendera ni kitu hichohicho, ila chenyewe kinapima sehemu moja tu unayolenga, wakati cha kwenye ndege au helikopta kinapiga maelfu kwa maelfu ya mipigo kila sekunde huku GPS na sensa za mwendo zikiandika chombo kipo wapi na kimeinama kiasi gani. Wala siyo teknolojia ya juzi, leza ya kwanza ilifanya kazi 1960 na kufikia 1971 Apollo 15 ilikuwa inazunguka mwezi ikipima vimo vyake kwa leza.

Sasa matokeo yake ni nini? Ni nukta. Mamilioni ya nukta zinazoelea, watu wanaziita wingu la nukta, kila moja ina mahali ilipo na kimo chake, pamoja na nguvu ya mwanga uliorudi. Hakuna nukta iliyoandikwa "mimi ni feawei", yaani ile njia ya nyasi fupi kutoka tii (pa kuanzia) mpaka grini. Ile nguvu ya mwanga wachoraji wengine wanaitumia kukisia mpaka wa nyasi fupi na ndefu, sawa, lakini ni kukisia. Chukua Old Course ya St Andrews kule Scotland, ina grini 7 zinazotumika na mashimo mawili mawili, namba 2 na 16 wanashea, 3 na 15, 5 na 13, ukijumlisha kila jozi unapata 18. Laida haijui hilo. Inachoona pale ni ardhi yenye mabonde na vinundu, na mtu wa kibinadamu ndo anakaa na picha ya setilaiti pembeni anachora kwa mkono: hapa grini inaanzia, hapa inaishia, hii ni banka, hii ni njia ya kupita. Banka zipo 112 pale, kila mstari umechorwa na mtu, au ameuchukua OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ambako pia kuna mtu mwingine aliuchora kabla yake. Kwenye GSPro, programu ya simuleta za gofu, kwa mfano, viwanja vingi vinatengenezwa na watu wa kujitolea, wanachora hiyo mipaka kwenye programu za kuchorea kama Inkscape, wanapitia Blender ya maumbo ya 3D, wanamalizia Unity ya kutengenezea gemu, ni kazi ya wiki na wiki, halafu anakuja mtu anasema "laida imefanya". Laida imetoa ardhi tu, kaka.

Na hata hiyo ardhi haiji ikiwa safi. Mpigo mmoja wa leza ukishuka kwenye mti unaweza kurudi mara kadhaa, kwanza juu kwenye matawi, halafu katikati, na wa mwisho ndo pengine umegusa chini. Kwa hiyo programu inachambua nukta zipi ni ardhi na zipi siyo, zisizo ardhi zinatupwa. Miti inatupwa. Nyumba zinatupwa. Madaraja nayo yanatupwa, maana daraja siyo ardhi, ndo maana ukifungua data iliyosafishwa ya St Andrews unakuta kijito cha Swilcan kinapita zake wazi na lile daraja la mawe la shimo la 18, ambalo kila mtu mwenye simu amepiga nalo picha, halipo. Lile unaloliona kwenye gemu kuna mtu amelijenga jiwe kwa jiwe kwenye kompyuta. Maji nayo ni tatizo, leza nyingi za angani zinatumia mwanga ambao maji yanaumeza, kwa hiyo bwawa linabaki shimo kwenye data na mtu analisawazisha. Halafu kuna kuta za banka. Old Course ina banka ambazo ukuta wake umepangwa kwa matofali ya nyasi ukasimama karibu wima, sasa gemu nyingi zinahifadhi ardhi kama ramani ya vimo, yaani kila sehemu ina kimo kimoja tu, ukiwa na vipimo vya kila mita moja ule ukuta unageuka mteremko wa kupanda kwa miguu. Mchoraji anarudi tena na mkono wake kuusimamisha.

Tukija kwenye grini ndo napandwa na hasira kidogo, kwa sababu hapa kuna vitu viwili tofauti watu wanavichanganya kila siku na vyote wanaviita "usahihi".

Kuna kosa la jumla na kuna mtikisiko. Kosa la jumla ni pale data yote imekaa juu au chini kuliko ukweli. Kiwango cha kawaida cha data ya bure ya Marekani, ile inayosimamiwa na USGS (idara ya serikali ya jiolojia na ramani), kinataka nukta zisizopungua 2 kwa kila mita ya mraba na kosa la kimo lisizidi sentimita 10 kwa wastani wao wa kihesabu. Watu wanasikia sentimita 10 wanashtuka au wanashangilia, inategemea wameamkaje. Ukweli ni kwamba kama Augusta nzima kwenye gemu imepanda sentimita 10 hakuna mchezaji duniani atakayejua, mpira hauchezwi dhidi ya usawa wa bahari. Mtikisiko ndo shughuli. Mtikisiko ni pale nukta mbili jirani, ambazo kiukweli zipo usawa mmoja, moja inasoma juu kidogo na nyingine chini kidogo. Sentimita 3 tu. Kwenye feawei hiyo haina maana yoyote, ila hebu piga hesabu ya puti: grini yenye mteremko wa asilimia 2, puti ya mita 3, jumla ya kushuka ni sentimita 6. Sasa mtikisiko wa sentimita 3 ndani ya hapo ni nusu ya mteremko wote! Mpira utakata upande ambao haupo duniani.

Kwa hiyo anachofanya mchoraji, na lazima afanye, ni kulainisha. Grini ya mita za mraba 500 kwa data ya nukta 2 inapata nukta kama 1,000, anazipitishia programu ya kulainisha mpaka uso unatulia, na hapo ndipo panapokuwa patamu, maana ukilainisha kidogo unabaki na vinundu vya uongo, ukilainisha sana unafuta ngazi za kweli za grini, zile ambazo mbunifu wa uwanja alizilipia usingizi wake. Hakuna namba moja iliyo sawa. Mmoja atalainisha sana, mwingine kidogo, na wote wawili wataandika "laida" kwenye maelezo, na wote hawajadanganya. Ndo sababu unaweza kucheza uwanja uleule uliotengenezwa na watu wawili, data ileile, ukaona puti zinakata tofauti. Makampuni makubwa yakiwa na pesa yanapima upya kwa karibu zaidi na nukta nyingi zaidi, hapo mtikisiko unapungua sana, lakini hata wao mwisho wa siku kuna mtu anaamua kasi ya grini kwenye menyu. Kasi haitoki kwenye leza. Kasi inapimwa na kile kifaa cha Stimpson cha tangu 1935, unaachia mpira uteremke kwenye kijimfereji halafu unapima umebingirika futi ngapi.

Kuhusu Augusta, watu wamejazwa sana na matangazo. Ni kweli laida iliisaidia, tena sana, kwa sababu TV inalalisha ule uwanja. Ukiangalia Masters nyumbani unadhani ni bustani tambarare yenye maua, kumbe shimo la 10 linashuka karibu mita 30 kutoka tii mpaka grini, hicho ni kimo cha ghorofa kama 10 hivi. Gemu ya Tiger Woods PGA Tour 12 ilipotoka 2011, ya kwanza kwenye ule mfululizo kuwa na Augusta rasmi, EA, kampuni iliyoitoa, walisema wameupima kwa leza, na watu waliocheza walishangaa zaidi vilima kuliko kitu kingine chochote. Haki yao. Ila kumbuka Wajapani wa T&E Soft walishatoa gemu ya Augusta 1989, Harukanaru Augusta, kwenye kompyuta ambazo leo simu yako ya batani inazicheka, na ilikuwa na vilima pia. Ardhi ya 3D haikuanza na laida. Kilichoanza na laida ni kutokubishana kuhusu kilima kina urefu gani.

Halafu data ina tarehe. Hili nalo halisemwi. Laida ni vimo vya siku ile ndege ilipopita, basi, na Augusta wanachimba na kusogeza vitu karibu kila mwaka. Tii ya shimo la 13 ilirudishwa nyuma ikawa yadi 545 kwa Masters ya 2023, kabla ya hapo zilikuwa 510. Ule mti wa Eisenhower kwenye 17 ulikatwa 2014 baada ya dhoruba ya barafu. Septemba 2024 kimbunga Helene kikapita kikaangusha miti mingine mingi. Kwa hiyo ukiniambia "Augusta halisi" nitakuuliza ya lini, na hilo siyo swali la kejeli.

Kuna mambo mengine mawili ambayo watu wanayaita laida na siyo.

La kwanza ni picha za droni. Unapiga mamia ya picha zinazopishana, kompyuta inazilinganisha inatoa umbo la 3D. Hiyo ni fotogrametri, ni nzuri, rangi zake tamu kuliko laida, lakini inaona tu kile kamera inachoona. Chini ya misonobari haioni kitu, na kwenye nyasi ndefu inakupa kimo cha ncha za nyasi, siyo udongo. Gemu nyingi za sasa zinachanganya zote mbili, laida kwa umbo na picha kwa sura, sawa kabisa, ila usiziite jina moja.

La pili linatuhusu sisi huku. Mtu anataka kutengeneza Muthaiga au Karen, viwanja vya Nairobi, amezoea kuviona kwenye mashindano ya Kenya Open, anaingia mtandaoni anapakua data ya vimo ya bure anaandika "Muthaiga ya laida". Mara nyingi alichopakua ni SRTM, data ya vimo vya dunia, ambayo ilipimwa Februari 2000 na chombo cha anga Endeavour, tena kwa rada, siyo leza, na kila pikseli yake ni kama mita 30 kwa 30. Mita za mraba 900. Grini nzima inaingia ndani ya pikseli moja na nafasi ya kuegesha magari inabaki. Unaweza kupata mwelekeo wa bonde na mlima, kweli, na kwa mtu anayejua uwanja vizuri ukimpa hiyo na picha za setilaiti anaweza kutengeneza kitu kizuri sana kwa macho na kumbukumbu, tena pengine cha kufurahisha kuliko cha laida kilichotengenezwa kivivu. Lakini ni mkono wake huo. Ajisifu kwa mkono wake, mbona ni sifa kubwa zaidi.

(Na ile laida ya kwenye iPhone za Pro tangu 2020, inaona mita 5 hivi. Unaweza kuskani sebule. Ukitaka kuskani shimo la yadi 400 nayo, nakutakia afya njema.)

Kwa hiyo siku nyingine ukitaka kusifia uwanja wa kwenye gemu, sema "ardhi yake imetoka kwenye laida". Neno ardhi lisikutoke. Halafu kama puti imekata vibaya usiilaumu ndege iliyopita juu miaka sita iliyopita, mtafute aliyelainisha grini umuulize alilainisha kiasi gani, wengi wao ni watu poa na watakujibu, tena kwa furaha, maana hakuna anayewaulizaga.