Mkataba wa kwotabeki unasomwa kwa tarehe

Kila Machi mabishano ni yale yale. Klabu ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, imemsajili kwotabeki, yule anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi, kwa "dola milioni 180", nusu ya mashabiki wanashangilia, nusu wameshika vichwa, na kabla ya usiku kwisha watu wanatukanana kwa sababu ya tarakimu ambayo kwa kawaida hailipwi yote. Mimi naisoma mikataba hii kwa mpangilio mmoja. Naanza na tarehe, halafu fedha zenye dhamana (zinazolipwa hata mchezaji akitemwa), halafu kiasi ambacho mchezaji anakula kila mwaka kwenye kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo klabu hairuhusiwi kuivuka. Jumla naiacha mwisho kabisa, na mara nyingi siihitaji.

Aliyezoea usajili wa Simba na Yanga, au ule wa Ulaya, aweke kando mambo mawili. La kwanza ni ada ya uhamisho: huku haipo. Klabu hubadilishana wachezaji na nafasi za drafti (zamu za kuchagua chipukizi kutoka vyuoni), hazinunuliani kwa fedha. Mchezaji huru kamili ni yule ambaye mkataba wake umekwisha na ameshahesabiwa misimu minne, na ili msimu uhesabiwe lazima awe amelipwa kikamilifu kwa mechi sita au zaidi. La pili ni kikomo. Mwaka 2024 kila klabu iliruhusiwa dola milioni 255.4 za mishahara, mwaka 2025 milioni 279.2, na mwenye klabu awe tajiri namna gani, hesabu ni ile ile kwa wote.

Ratiba nayo ina mtego wake. Mwaka 2025 mazungumzo yalifunguliwa Jumatatu tarehe 10 Machi saa sita mchana ya New York, yaani saa moja jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Kusaini kulianza Jumatano tarehe 12, saa tano usiku kwetu. (Wakati huo Marekani wameshasogeza saa zao mbele, kwa hiyo tofauti ni saa saba, si nane. Wengi hukosea hapo, wakawasha simu mambo yameshapita.) Zile habari za Jumatatu usiku ni makubaliano ya mdomo tu. Vipimo vya afya bado, sahihi bado.

Katika siku hizo mbili kanuni ya zamani iliruhusu klabu kuzungumza na wakala, si na mchezaji mwenyewe. Kirk Cousins aliposajiliwa Atlanta Machi 2024, alitaja hadharani kwamba alikuwa ameshaongea na mtaalamu wa tiba wa klabu. Kauli hiyo ikafungua uchunguzi wa kurubuni mchezaji. Falcons, yaani klabu hiyo ya Atlanta, walitozwa faini ya dola 250,000 na kunyang'anywa nafasi ya raundi ya tano katika drafti ya 2025.

Kabla ya dirisha hilo kuna tagi, yaani haki ya klabu kumzuia mchezaji ambaye mkataba wake unaisha, na hapa ndipo swali la "kwa nini hawakumfunga mapema?" hupata jibu. Klabu inaweza kumzuia mchezaji mmoja tu kwa mwaka kwa njia hii. Anapewa mkataba wa mwaka mmoja, kwa bei inayotokana na wanaolipwa vizuri zaidi kwenye nafasi yake, na akishausaini fedha zote zina dhamana. Tagi ya pili ni asilimia 120 ya ile ya kwanza. Ya tatu ni asilimia 144 ya ile ya pili, na huko hakuna anayetaka kufika. Washington walimpiga Cousins tagi mwaka 2016 kwa takriban milioni 19.95, wakarudia 2017 kwa 23.94. Ukizidisha kwa asilimia 144 unapata kama milioni 34.5 kwa mwaka 2018. Wakanywea, akaenda Minnesota kwa miaka mitatu na milioni 84, zote zenye dhamana. Kwa hiyo tagi inanunua muda tu, na kila mwaka muda huo unapanda bei. Wakala wa Dak Prescott alilielewa hilo: mkataba wake wa 2021 uliweka kipengele cha kuwazuia Dallas kumpiga tagi ukiisha, na Septemba 2024 akasaini mpya wa wastani wa milioni 60 kwa mwaka.

Sasa tufungue mkataba mmoja tuuone ndani. Ule wa Cousins na Atlanta: miaka minne, milioni 180, na milioni 100 zikatangazwa kuwa na dhamana. Mgawanyo wake ulikuwa hivi. Fedha ya kusaini ilikuwa milioni 50, anaichukua yeye, lakini kwenye kikomo inagawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba, kwa hiyo ni 12.5 kila mwaka. Mshahara wa 2024 ulikuwa 12.5. Wa 2025 ulikuwa 27.5. Kisha kulikuwa na bonasi ya milioni 10 ya mwaka 2026, ambayo ingepata dhamana Machi 2025 kama bado yuko kwenye orodha ya klabu siku ya tano ya mwaka mpya wa ligi, ambao huanza siku ile kusaini kunapofunguliwa.

Jumlisha: 50, na 12.5, na 27.5, na 10. Hizo ndizo milioni 100. Themanini zilizobaki hazikuwa ahadi, zilikuwa nafasi ya kuamua tena. Kwenye kikomo alikula milioni 25 mwaka wa kwanza, akapangiwa 40 wa pili, halafu 57.5 na 57.5. Namba inaporuka kutoka 40 hadi 57.5, elewa kwamba aliyeuandika mkataba hakuwa na nia ya kufika hapo bila mazungumzo mapya.

Mwezi mmoja baadaye Atlanta walitumia nafasi ya nane ya drafti kumchukua Michael Penix Jr., kwotabeki mwingine. Mashabiki walipiga kelele: mnalipaje wawili? Ukitazama tarehe, jambo halikuwa la kichaa kama lilivyosemwa, ingawa nadhani bado lilikuwa kosa, kwa sababu nafasi ya nane ingeleta mtu wa kukimbiza makwotabeki wa wapinzani. Cousins alikuwa amepasuka kano ya kisigino Oktoba 2023, na Desemba 2024, baada ya mechi 14 na pasi 16 zilizonaswa na wapinzani, aliwekwa benchi. "Wamteme!" Haya, tupige hesabu. Kumtema kabla ya siku ile ya tano ya Machi 2025 kungeacha sehemu ya fedha ya kusaini ambayo haijahesabiwa, 12.5 mara tatu, sawa na 37.5. Ongeza mshahara wa 2025 wenye dhamana, 27.5. Zinakuwa milioni 65 za fedha mfu, yaani fedha zinazokula kikomo ilhali mchezaji hayupo. Kubaki naye kuligharimu 40 kwenye kikomo cha mwaka huo, pamoja na ile bonasi ya milioni 10. Wakabaki naye. Penix alipoumia goti Novemba 2025, Cousins ndiye aliyeingia.

Denver walichagua njia nyingine na Russell Wilson, na kwangu huo ndio mfano bora wa jinsi tarehe inavyomfukuza mtu. Walimtoa Seattle Machi 2022, na Septemba, kabla hajacheza mechi yoyote ya ligi, wakamwongezea miaka mitano ya milioni 245. Kosa liko hapo hapo: mkataba wake wa zamani ulikuwa bado na miaka miwili, hakuna aliyekuwa anawakimbiza. Ndani ya mkataba mpya kulikuwa na mshahara wa milioni 37 wa mwaka 2025, ambao ungepata dhamana akiwepo siku ya tano ya mwaka wa ligi wa 2024. Soma tena: fedha za 2025 zinafungwa Machi 2024. Ndiyo maana aliwekwa benchi mechi mbili za mwisho za msimu wa 2023. Jeraha kubwa lingeweza kuiwashia dhamana ile, na klabu ilishaamua kuachana naye.

Alitemwa Machi 2024 na kuacha fedha mfu za milioni 85. Denver walizigawa kwa kutumia kanuni ya tarehe 1 Juni: milioni 53 zikahesabiwa mwaka 2024 na 32 mwaka 2025. Kila klabu inaruhusiwa kuwatema wachezaji wawili kwa utaratibu huu. Wengi wanasahau upande wa pili wake: nafuu ya kikomo haiji mpaka Juni ifike, na kufikia Juni wachezaji huru wazuri wameshaondoka sokoni. Kwa hiyo shabiki anaposema "watemwe kwa tarehe 1 Juni, tumsajili fulani Machi", hiyo haiwezekani. Machi yule aliyetemwa anaendelea kula kikomo kizima kana kwamba bado yupo.

Kuna na utamu mwingine hapo. Denver walikuwa wanadaiwa milioni 39 za Wilson kwa mwaka 2024, lakini mkataba ulikuwa na kipengele cha makato: chochote atakacholipwa kwingine kinapunguza deni la klabu ya zamani. Kwa Wilson hesabu ni ile ile, alipwe na nani. Pittsburgh wakamsajili kwa kima cha chini cha mkongwe, milioni 1.21, na Denver wakabeba milioni 37.79. Ukiona kwotabeki mwenye jina amesajiliwa kwa bei ya karanga, usiseme thamani yake imekufa. Uliza kwanza nani bado anamlipa.

Sasa ule usemi wa kijiweni kwamba "kikomo ni hadithi tu". Si hadithi, ni mkopo. Chukua mfano wa kubuni: kwotabeki ana mshahara wa milioni 41 mwaka huu. Klabu inamwachia milioni 1 kama mshahara, na 40 inazigeuza kuwa fedha ya kusaini. Mchezaji anapata fedha zake zote, pengine mapema zaidi. Kwenye kikomo, 40 zinagawanywa kwa miaka isiyozidi mitano, 8 kila mwaka. Mwaka huu anakula 9 badala ya 41, nafuu ya 32. Kama mkataba umebakiwa na miaka miwili tu, wanaongeza mitatu mwishoni ambayo kila mtu anajua hatacheza. Hiyo mimi naiita miaka hewa, kama wale watumishi hewa: jina lipo kwenye karatasi, mtu hayupo. Akiondoka mwakani, zile 8 nne zinaanguka pamoja, milioni 32 za fedha mfu, kamili kama zilivyokopwa. Mchezo huu unalipa kikomo kikiendelea kupanda na mchezaji akiendelea kucheza vizuri. Kimoja kikikatika, deni linaiva siku ambayo klabu pia inatafuta kwotabeki mpya.

Wengine huuliza kwa nini wote hawapewi dhamana kamili kama Deshaun Watson, ambaye Cleveland walimpa milioni 230 zote zenye dhamana mwaka 2022. Sababu mojawapo haina mvuto: kanuni inaitaka klabu iweke kando, kwenye akaunti maalumu, sehemu kubwa ya fedha za dhamana za miaka ijayo. Si kila mwenye klabu ana fedha taslimu za kulaza hivyo. Na baada ya kuona mambo ya Cleveland, nani atake? Mwaka 2023 Lamar Jackson alikuwa na tagi iliyoruhusu klabu nyingine kumpa ofa kwa gharama ya nafasi mbili za raundi ya kwanza. Kwotabeki aliyewahi kuwa mchezaji bora wa ligi, na hakuna aliyejitokeza. Akabaki Baltimore kwa miaka mitano na milioni 260.

Kwa mfano wa mkataba uliopangwa vizuri nitautaja wa Sam Darnold na Seattle, Machi 2025: miaka mitatu, milioni 100.5, na 55 zikatangazwa kuwa na dhamana. Katika hizo, 37.5 ndizo zilizofungwa siku ya kusaini. Zile 17.5 zilikuwa dhamana ya jeraha tu (analipwa akitemwa kwa sababu ya kuumia), na zilipangwa kuwa kamili Februari 2026, baada ya msimu wa kwanza kwisha. Maana yake klabu ilinunua mwaka mmoja wa kumtazama, na mlango ukaachwa wazi. Waliolalamika kwamba "milioni 100 kwa mtu wa msimu mmoja mzuri" walikuwa wanabishana na mkataba ambao haupo.

Jambo la mwisho linahusu mtu anayesajiliwa Mei badala ya Machi. Klabu inayopoteza wachezaji huru wengi kuliko inaowasajili hufidiwa nafasi za drafti mwaka unaofuata. Waliotemwa hawaingii katika hesabu hiyo, ndiyo maana Wilson hakuwagharimu Pittsburgh chochote upande huo. Waliomaliza mikataba huingia, lakini mpaka Jumatatu inayofuata drafti tu. Baada ya hapo kumsajili hakuna gharama ya fidia. Ukiona kwotabeki wa akiba hana klabu mwishoni mwa Aprili na wakala wake katulia tuli, tazama kalenda: pengine mkataba umeshakubaliwa, wanasubiri Jumatatu ipite.