Ngoma Zilizopotea: Kuiga Muziki wa Commodore 64 kwenye Kompyuta ya Leo

Emuleta yangu ya kwanza ya sauti ya kompyuta ya Commodore 64, yaani programu ya kuiga mashine hiyo kwenye kompyuta nyingine, ilikuwa safi kupita kiasi. Niliiandika jioni baada ya kazi, nikifuata jedwali la rejista za chipu, yaani visanduku vya namba vinavyoiagiza la kufanya, kama lilivyochapishwa katika mwongozo wa mtengenezaji, na nilipoipa nyimbo tatu za kwanza ilizipiga bila kigugumizi. Wimbo wa nne ulianza vizuri, besi ikaingia, kinanda kikafuata, lakini ngoma nilizokuwa nimezisikia kwenye rekodi ya mashine halisi hazikuwepo. Hazikufifia wala hazikuchelewa. Mahali pake palikuwa kimya kabisa. Siku mbili nzima nilidhani faili limeharibika. Faili lilikuwa zima. Kilichokosekana ni kasoro moja ya umeme ambayo jedwali langu halikuitaja, na ambayo watunzi wa muziki wa miaka ya 1980 walikuwa wameigeuza ala.

Commodore 64 ilioneshwa kwa mara ya kwanza Las Vegas mwezi Januari 1982, ikaanza kuuzwa Marekani mwaka huohuo kwa dola 595. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64, kichakataji cha MOS 6510 kinachokwenda kwa takriban megahezi moja, na chipu ya sauti iitwayo SID, namba 6581, iliyobuniwa na mhandisi Robert Yannes, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya vinanda ya Ensoniq. Wakati kompyuta nyingi za nyumbani za enzi hizo zilikuwa na uwezo wa kulia tu kama kengele ya mlango, Yannes alikuwa ameweka ndani ya chipu moja sinthesaiza nzima: sauti tatu zinazojitegemea, aina nne za mawimbi kwa kila sauti, utaratibu wa kupandisha na kushusha nguvu ya kila noti, na kichujio cha analogi ambacho sauti hizo hupitishwa kabla ya kutoka nje.

Sauti tatu ni chache. Anayejua bendi ya dansi atahesabu haraka: gitaa la solo, gitaa la ridhimu na besi, nafasi zimekwisha, na mpiga ngoma bado amesimama mlangoni, sembuse wapuliza tarumbeta. Ndiyo maana watunzi kama Rob Hubbard na Martin Galway, waliofanya kazi zao kubwa Uingereza, iliwabidi wawe waandishi wa programu pia. Walipotaka noti tatu zisikike kwa pamoja kwenye sauti moja, waliibadilisha noti hiyo mara hamsini kwa sekunde, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ya kwanza tena, hadi sikio likakubali kwamba linasikia zote kwa wakati mmoja. Mtetemo ule wa haraka, ambao leo watu huutambua mara moja kuwa ni muziki wa michezo ya zamani, ulitokana na uhaba.

Kutokana na hilo, faili la muziki wa SID si rekodi. Si kama MP3, ambayo imehifadhi umbo la wimbi lenyewe, wala si kama karatasi ya noti. Ni programu ya 6510 iliyofungwa pamoja na kichwa kidogo cha maelezo kinachotaja programu ipakiwe wapi kwenye kumbukumbu, ianzishwe kwa kuita anwani ipi, na anwani ipi iitwe kila mara skrini inapochorwa upya. Kwa kawaida faili zima ni la kilobaiti chache tu. Mtindo huu ulitokana na PlaySID, programu ya mwaka 1990 iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta ya Amiga, na leo mkusanyiko wa hiari uitwao High Voltage SID Collection una zaidi ya nyimbo 50,000 za aina hiyo. Anayetaka kuzisikiliza kwenye kompyuta mpakato hana budi kuwa na kichakataji cha bandia cha kuendesha programu hiyo, na chipu ya bandia ya kupokea maagizo yake.

Maagizo yenyewe ni namba zinazoandikwa kwenye rejista 25 kati ya 29 za SID, kuanzia anwani 54272. Ukiwa na emuleta ya VICE, ambayo ni ya bure, unaweza kuandika mistari hii mmoja baada ya mwingine kwenye skrini yake ya buluu, huku ukibonyeza kitufe cha kurudi kila mwisho wa mstari:

POKE 54296,15
POKE 54277,0
POKE 54278,240
POKE 54272,69
POKE 54273,29
POKE 54276,17

POKE huiweka namba ya pili kwenye anwani iliyotajwa kwanza. Mstari wa kwanza unafungua sauti kuu hadi mwisho. Miwili inayofuata inaiagiza noti ipande papo hapo na ibaki juu. Namba 69 na 29 ni vipande viwili vya namba moja, kwa kuwa 29 mara 256, ukijumlisha 69, unapata 7493. Mstari wa mwisho unachagua wimbi la pembetatu na kuiwasha noti, nayo haitanyamaza hadi utakapoandika POKE 54276,16.

Namba 7493 haina maana yoyote ya kimuziki hadi ujue mashine inakwenda kwa kasi gani. Ndani ya chipu kuna kaunta ya biti 24 ambayo huongezwa 7493 katika kila mzunguko wa saa, na kila inapojaa na kurudi sifuri, wimbi moja limekamilika. Mashine za Ulaya zilikwenda mizunguko 985,248 kwa sekunde, hivyo namba hiyo inatoa hezi 440, yaani noti ya La ambayo wanamuziki hulinganishia ala zao. Mashine za Marekani zilikwenda mizunguko takriban 1,022,727, na kwa namba ileile utapata takriban hezi 457, zaidi ya nusu ya hatua kati ya noti na jirani yake. Tena skrini za Marekani zilichorwa karibu mara 60 kwa sekunde badala ya 50, kwa hiyo wimbo wa Ulaya ukipigwa kwenye mpangilio wa Marekani unakimbia na kupanda kwa pamoja. Asilimia kubwa ya nyimbo mashuhuri zilitungwa Ulaya. Ukisikia wimbo unakimbizana kama umechelewa basi, kagua mpangilio huo kabla ya kulaumu kitu kingine.

Turudi kwenye ngoma zangu. Rejista ya 54296, ileile tuliyoandikia 15, ilikusudiwa kuwa kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti, na ina ngazi 16 tu. Lakini katika 6581 kila sauti, hata ikiwa imenyamaza, hutoka na volti fulani isiyobadilika, na unapokizungusha kitufe volti hiyo nayo hupanda au kushuka, spika ikatoa mlio mdogo wa "tik". Mlio mmoja ni usumbufu. Ukikizungusha kitufe mara 8,000 kwa sekunde kwa kufuata umbo la ngoma iliyorekodiwa, milio hiyo huungana ikawa ngoma, na kwa namna hiyo mtunzi amejipatia sauti ya nne ambayo mbuni wa chipu hakuiweka. Katika emuleta yangu, sauti iliyonyamaza ilikuwa sifuri kamili. Sifuri mara kumi na tano ni sifuri, na sifuri mara saba ni sifuri, hivyo hesabu zangu zilikuwa sahihi na wimbo ulikuwa mbovu.

Niliongeza volti hiyo ya bandia nikitegemea tatizo limekwisha, nikapata mkwaruzo mmoja mfupi palipotakiwa pigo la ngoma. Kosa la pili lilikuwa la muda. Nilikuwa nakiacha kichakataji kiende kwa picha nzima ya skrini, yaani mizunguko 19,656, kisha ndipo naiambia chipu ya sauti isome rejista zake zikoje. Kwa noti za kawaida utaratibu huo unatosha, kwa sababu hubadilika mara 50 kwa sekunde. Kwa ngoma zinazoandikwa kila baada ya mizunguko takriban 123, nilikuwa naona andiko moja na kuyakosa zaidi ya mia na hamsini. Ilinibidi nivunje msingi wa programu na kuujenga upya ili kichakataji na chipu viende hatua kwa hatua, mzunguko kwa mzunguko. Hata chipu ya picha iliingia katika hesabu, kwa kuwa katika baadhi ya mistari ya skrini hukinyang'anya kichakataji nafasi ya kumbukumbu kwa mizunguko 40 au zaidi, na asiyehesabu usumbufu huo atapata ngoma zinazokwaruza pasipostahili.

Kasoro nyingine ya chipu inayopaswa kuigwa iko kwenye utaratibu wa kupandisha noti. Kaunta inayoupangia mwendo huulizwa kila mara kama imefika kwenye namba iliyowekwa, na ikiwa mtunzi ataweka namba ndogo kuliko pale ilipokwishafika, kaunta haina njia ya kurudi nyuma: huzunguka mizunguko 32,768 hadi ianze tena, na noti huchelewa kwa milisekunde takriban 33. Noti fupi humezwa. Watunzi waliigundua hali hiyo kwa masikio yao, wakajifunza kuzifuta rejista hizo picha moja au mbili kabla ya kila noti mpya, jambo linaloacha mwanya mdogo wa ukimya ambao ukishauzoea unausikia kila mahali. Emuleta isiyo na kasoro hii hupiga noti ambazo kwenye mashine halisi hazikuwahi kusikika.

Kichujio ni mtihani wa aina yake, na sijaona aibu kukiri kwamba kwangu kilinishinda. Transista za 6581 hazikutoka kiwandani zikiwa sawa, na chipu mbili za namba ileile zinaweza kukata sauti ya besi mahali tofauti kabisa, kiasi kwamba wimbo uliotungwa kwenye mashine moja ulisikika mzito kama umefunikwa blanketi kwenye nyingine. Dag Lem, mwandishi wa reSID, injini ambayo VICE huitumia, aliliendea tatizo hilo kwa kuziiga transista zenyewe badala ya kubahatisha mstari wa hesabu unaofanana na matokeo. Niliisoma kazi yake, nikaifunga yangu na kuanza kuitumia hiyo.

Hata ukiwa na reSID kuna mipangilio ambayo kompyuta ya leo haiwezi kukuamulia. Chipu hutoa thamani mpya karibu mara milioni moja kwa sekunde, ilhali kadi ya sauti inataka 44,100 au 48,000. Emuleta ikiokota thamani moja kila baada ya mizunguko 22 na kutupa nyingine, masafa ya juu yasiyosikika hujikunja na kurudi chini yakiwa milio ya uongo, kama filimbi nyembamba inayopanda wakati noti inashuka. Katika VICE chagua njia ya kukokotoa upya sampuli, yaani thamani hizo, badala ya ile ya haraka. Kompyuta yoyote ya miaka kumi iliyopita inaimudu. Bafa ya sauti, yaani akiba ya sampuli zinazosubiri kupigwa, ni suala la uvumilivu wako: sampuli 2,048 kwa kasi ya 44,100 ni milisekunde 46 za kusubiri, ambazo msikilizaji hazitambui lakini anayepiga kibodi kama kinanda anazihisi kwenye vidole. Na kama skrini yako inachora mara 60 kwa sekunde, usiifunge mashine ya Ulaya kwenye mwendo wa skrini hiyo. Ni bora picha irukeruke kidogo kuliko wimbo kubadilika.

Mwisho, chagua chipu. Mbali na 6581 inayokula volti 12, kuna 8580 ya volti 9 iliyokuja katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, yenye kichujio kinachotabirika na kelele chache. Mafundi waliisafisha kweli kweli, na katika kusafisha huko wakapunguza sana ile volti ya ziada, kwa hiyo ngoma za kitufe cha sauti zikafifia kwenye mashine mpya za dukani kama zilivyopotea kwenye emuleta yangu. Wimbo ule wa nne bado ninao. Nikiupiga kwa 6581 ngoma ziko mbele ya besi. Nikibadilisha kwenda 8580 zinasikika kama zinapigwa nyumba ya jirani, na VICE imeweka chaguo la tatu, 8580 iliyoongezewa nguvu ya ngoma, kwa ajili ya nyimbo za namna hiyo.