Sauti kwenye makala za Wikipedia: yanayosemwa na yalivyo

"Lazima uwe na studio." Hili ndilo huwakatisha tamaa wengi hapa Kisumu wanaotaka kurekodi matamshi au muziki wa kuweka kwenye makala. Matamshi ya jina la Ng'iya, kule Siaya, niliyarekodi kwa simu ya kawaida, chini ya blanketi, saa kumi na moja alfajiri kabla bodaboda hazijaanza kelele. Sekunde mbili tu. Adui ni mabati: mvua ikianza, weka simu chini. Na majina ya namna hiyo ndiyo yenye njaa ya sauti, maana msomaji wa mbali akiona ng' huitamka kama ng ya "ngoma".

"Sauti itamaliza bando za wasomaji." Haichezi mpaka mtu abonyeze. Basi.

"Ukisharekodi, unapakia tu." Hapa simu hukusaliti. Simu nyingi huhifadhi sauti kwa faili za aina ya m4a, na Wikimedia Commons, ghala ambalo Wikipedia za lugha zote huchota sauti na picha, haiipokei. Hupokea Ogg, Opus, FLAC na WAV. MP3 ilikubaliwa 2017 baada ya hataza zake kuisha, ila kwa wachangiaji wenye uzoefu. Usijaribu ujanja wa kufuta ".m4a" na kuandika ".ogg", mfumo hukagua kilichomo ndani. Tumia Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, utoe Ogg.

"Ngoma ya mababu haina mwenyewe." Hii ndiyo inayotuponza. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni 2014. Ngoma ni ya kale, lakini rekodi yake si ya kale. Aliyerekodi ana haki zake, miaka 50 kwa sheria ya Kenya, na tangu 2016 kuna sheria inayolinda sanaa za jadi za jamii zenyewe. Mimi nilikata sekunde ishirini za nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kutoka kwenye CD nikazipakia, nikidhani kipande kifupi hakina neno. Ikafutwa, na ilistahili.

Siku hizi namwendea mpigaji mwenyewe. Namweleza kwamba leseni ya CC BY-SA inamruhusu yeyote kuitumia rekodi, hata kibiashara, mradi ataje jina lake, na akiibadilisha aitoe kwa leseni ileile. Mzee mmoja akaniuliza, "Hata tangazo la soda, kijana wangu?" Nikamjibu ndiyo. Akakaza nyuzi zake nane kimya, akapiga wimbo mmoja nirekodi. Wimbo wa pili alinipigia baada ya simu yangu kurudi mfukoni.