Paa gumu jepesi la konsavatori ni nini?

Nyuma ya nyumba nyingi za Uingereza kuna chumba cha vioo kilichoegeshwa ukutani, kinatazama bustani. Wenyewe wanakiita konsavatori. Vingi vilijengwa miaka ya 1980 na 1990, vikaezekwa polikaboneti, ile plastiki yenye mianya ndani kama boksi la karatasi. Januari chumba ni friji, Julai ni tanuri, na mvua ikinyesha televisheni haisikiki. Aliyekulia chini ya bati anaijua hali hiyo.

Paa gumu jepesi ndilo linalowekwa baada ya plastiki hiyo kung'olewa. Juu lina vigae, katikati bodi nene za povu la kuzuia joto, chini dari ya jipsamu iliyopigwa plasta. Kuta za vioo zinabaki palepale.

"Gumu" hapa si kinyume cha laini; maana yake ni paa lisilopitisha mwanga. Faida yake hupimwa kwa kipimo cha U: wati ngapi za joto zinapotea katika kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Chukua paa la mita 12 za mraba, ndani nyuzi 20, nje nyuzi 5. Polikaboneti yenye U ya 2 inapoteza wati 360 mfululizo. Paa gumu lenye U ya 0.18 linapoteza wati 32 tu. Ukiwa na hita ndogo ya umeme humo ndani, tofauti hiyo utaiona kwenye bili.

Neno lenye uzito zaidi, ajabu, ni "jepesi". Fremu za chumba hiki kwa kawaida ni za plastiki, na zilipangiwa kubeba plastiki: polikaboneti haizidi kilo 3 au 4 kwa mita ya mraba. Vigae vya zege vya nyumba ya kawaida vinafika kilo 40 na kitu. Ukivipandisha pale, milango itaanza kukwama, kisha vioo vitapasuka. Ndiyo maana hutumika vigae vya bati la chuma, kama kilo 7 kwa mita, juu ya kenchi za alumini. Lakini wepesi huu ni wa kulinganisha tu. Bodi ya jipsamu peke yake ina kilo 8 hivi, yaani dari tu imeshaizidi plastiki yote ya zamani, na theluji bado haijaanguka. Fundi anayekupa bei kabla ya kukagua nguzo za pembeni na msingi, mimi nisingempa kazi.

Kisha kuna sheria. Konsavatori ya chini ya mita 30 za mraba, iliyotengwa na nyumba kwa mlango wa nje, kwa kawaida husamehewa kanuni za ujenzi. Hadi 2010, England na Wales zilitaka angalau robo tatu ya paa lake ipitishe mwanga. Leo hesabu hiyo haipo, ila wazo ni lilelile. Ukiweka paa gumu, msamaha unaondoka: mkaguzi wa majengo lazima aidhinishe kazi na kutoa cheti. Wengi hukikumbuka siku ya kuuza nyumba, wakili wa mnunuzi anapokiulizia.

Wapo wanaokwepa gharama kwa kupigilia bodi chini ya polikaboneti ileile. Hilo si paa gumu, ni dari ya kuficha. Mvuke wa birika, wa pumzi na wa nguo zilizoanikwa humo (na konsavatori ndiyo kamba ya nguo ya majira ya baridi) hupenya juu, hugusa plastiki baridi na kugeuka maji. Baada ya muda dari inapata madoa meusi ya ukungu. Paa lililojengwa vizuri lina karatasi ya nailoni upande wa ndani, chini ya povu, ili mvuke usifike kwenye baridi.

Kasoro yake kubwa haiko ndani ya chumba chenyewe. Jiko au sebule ya nyuma yake, iliyokuwa ikipata mwanga kupitia paa la plastiki, hugeuka giza, taa zikawashwa saa nane mchana. Mafundi wazoefu huacha madirisha mawili ya paa, na huyaweka karibu na ukuta wa nyumba, si upande wa bustani.