Sabuni "inayooza" haiozi kila mahali

Malalamiko ya povu kwenye chemba za majitaka yameongezeka, na karibu kila mlalamikiwa ana utetezi mmoja: sabuni yangu imeandikwa kwamba huoza yenyewe.

Maandishi hayo si ya uongo. Ila majaribio ya kuoza kwa sabuni kwa kawaida hufanywa kwenye maji yenye oksijeni. Bwawa la kwanza la kusafishia majitaka, lenye kina cha meta 2 hadi 5, halina oksijeni. Karo la nyumbani kwako pia halina.

Sabuni nyingi za unga zina kemikali iitwayo LAS: mkia wa kaboni ulioshikana na pete ya benzini (duara la kaboni sita) yenye salfoneti (kikundi cha salfa na oksijeni). Bakteria huanza kuila kwenye ncha ya mkia, na hatua hiyo ya kwanza inataka oksijeni ipachikwe pale. Wakishaanza, hukata kaboni mbilimbili hadi kwenye pete. Oksijeni isipokuwepo, wanakwama mlangoni. LAS hunata kwenye tope, na ikizidi huweza kuwadhoofisha bakteria wanaotengeneza methani. Sabuni ya mche ya mafuta ya mawese haina shida hiyo; huozeshwa humohumo hadi kuwa gesi.

Kwenye bwawa la pili mwani hutoa oksijeni, na LAS iliyopita na maji huliwa. Iliyobaki kwenye tope husubiri tope lianikwe na hewa ipenye. Kumwaga klorini kwenye karo hakuharakishi chochote. Inaua bakteria walewale tunaowategemea, na hili tumelisema mpaka tumechoka.

Madobi na wenye sehemu za kuoshea magari wanahitaji kibali cha kutiririsha majitaka. Maombi ni ya maandishi, yakitaja kiasi cha maji kwa siku na aina ya sabuni. Mkaguzi huchukua sampuli kwenye chemba ya mwisho kabla ya mtandao wetu wa majitaka, kwenye chupa ambayo haikuoshwa kwa sabuni (tumeletewa zilizooshwa kwa sabuni, tukazirudisha). Sampuli huhifadhiwa kwenye nyuzi 4 na kupimwa kiasi cha sabuni kwa kemikali za maabara, bluu ya methilini na klorofomu. Kiwango kikizidi masharti ya kibali, hutolewa notisi ya marekebisho kwanza, kisha sampuli ya pili. Kutiririsha majitaka ya biashara bila kibali ni suala la kisheria, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 haiulizi pakiti iliandikwa nini.