Muuguzi kwenye simu: anachofanya, na wakati gani anakuambia uende hospitali

Wengi wanaompigia muuguzi simu hapa Lubumbashi huanza na ombi moja: "Muganga, mtoto ana joto, nitajie dawa." Muuguzi anayejua kazi hatataja dawa kwanza. Atakuuliza uko mtaa gani, karibu na nini, na namba nyingine ya kukupata, maana mtandao ukikatika yeye ndiye atakayekupigia. Kisha umri wa mtoto, na uzito wake kama unaujua. Usidhani anakuchelewesha. Hana macho wala mikono pale ulipo, kwa hiyo atatumia ya kwako.

Chukua mtoto anayekohoa na kupumua mbio. Utaambiwa umpakate akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, umfunue nguo mpaka kifua na tumbo vionekane, simu iwe kwenye spika. Kila tumbo linapopanda, unasema "hapo". Muuguzi anatazama saa na kuhesabu kwa dakika nzima, kwa sababu mtoto hapumui kwa mwendo mmoja. Aliye chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au aliyetimiza mwaka lakini hajafika miaka 5 akifikisha 40, hiyo ni pumzi ya haraka na lazima apimwe kituoni. Halafu linakuja swali ambalo akina mama wengi hawalitaji wenyewe: anapovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani? Kama inaingia, msingoje asubuhi.

Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea asiamke, huyo ni wa hospitali mara moja. Vilevile mama mjamzito anayetoka damu, au mwenye kichwa kinachouma sana huku macho yanaona ukungu. Hapo sitaki muuguzi aendelee na maswali. Asaidie kupata usafiri na aarifu hospitali, iwe Sendwe au iliyo karibu zaidi.

Kuhusu malaria niseme wazi. Simu haipimi damu. Majira ya mvua kila joto la mwili tunaliita malaria, lakini hata kipimo cha haraka kinahitaji tone la damu kutoka kidoleni. Anayekuandikia dawa ya malaria kwa simu bila kipimo anabahatisha na mwili wa mwanao.

Mahali ambapo simu inasaidia kweli ni kufuatilia mgonjwa anayejulikana: mwenye presha, mwenye sukari, aliyepasuliwa na sasa yuko nyumbani. Mzee wa Kasenga, mbali na mji, hana sababu ya kuhangaika barabarani wakati wa mvua ili tu aulizwe kama anakunywa vidonge vyake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2019, lilikubali huduma hii kwa sharti kwamba iongezee ile ya ana kwa ana, isichukue nafasi yake. Kama una mashine ya presha nyumbani, kaa kimya dakika 5, miguu isipishane, mkono uwe usawa wa moyo, pima mara mbili, kisha soma namba zote tatu: ya juu, ya chini, na mapigo ya moyo. Na boksi la dawa, lipige picha upande wenye jina na miligramu. "Kile kidonge cheupe" hakitusaidii.

Sasa ninyi wauguzi vijana mnaotamani kufanyia kazi nyumbani. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, mnaujua jinsi unavyokatika, kwa hiyo betri ya akiba na laini za mitandao miwili ni vifaa vya kazi kama kilivyo kipimajoto. Tafuteni chumba chenye mlango, vaeni visikilizi. Kabla ya swali lolote la siri, uliza: "Mama, unaweza kuongea kwa uhuru?" Muulize kwa namna ambayo ndiyo au hapana inatosha, maana huenda simu ni ya mume na mume amekaa pembeni. Usitume majibu ya kipimo kwenye namba usiyojua nani anaishika. Picha ya kidonda ikishaingia kwenye faili la mgonjwa, ifute kwenye simu yako. Na mgonjwa akikuuliza jina, kituo na namba yako ya Ordre (chombo kinachosajili wauguzi), mpe bila kununa. Ana haki ya kujua anaongea na nani.

Ukimtuma mtu hospitali, mwandikie ujumbe mfupi: umri, dalili, saa zilipoanza, dawa alizokunywa na saa alizozinywa. Auonyeshe mapokezi. Kisha andika kwenye daftari saa ya kumpigia tena, na usilifunge faili lake mpaka usikie kwamba alifika na amepokelewa.